Mama Mdogo Chini ya Baiskeli

Baba yangu ni mtu wa kupanga. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hadi leo akikuta viatu vimeachwa mlangoni anavipanga kwa ukubwa, hata vya wageni, ndipo moyo wake unatulia. Kwa hiyo aliponipigia simu kusema anaandika kitabu, sikushangaa. Niliogopa tu kwamba na sisi atatupanga.

"Kitabu cha nini, baba?"

"Cha maisha. Nataka kitoke siku ya jubilei. Na kisiwe cha karatasi, karatasi huku ni chakula cha mchwa. Kiwe cha kwenye simu, kila mtu wa ukoo akifungue hapo hapo alipo."

Jubilei yenyewe ilikuwa ya ndoa yake na mama mdogo, jubilei ya fedha, miaka ishirini na mitano. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa msichana wa shule ya msingi, akatuacha mimi na wadogo zangu watatu. Baba alikaa mjane kwa muda, halafu siku moja akaenda Karema, ziwani, na baada ya miezi kadhaa ya kwenda na kurudi akatuletea mama mdogo. Huyo ndiye aliyetulea. Sasa padri alikuwa ameshapanga misa, mchele ulikuwepo, maana kwetu Mpimbwe ukifanya sherehe mchele ukapungua ni afadhali uhame kijiji, na kilichobaki kilikuwa kitabu. Kitabu kikaniangukia mimi kwa sababu nina duka la stationery hapa Mpanda mjini. Kwa watu wa kwetu, mwenye kompyuta anajua kila kitu. Nimewahi kuletewa pasi mbovu.

Sasa nieleze kidogo kitabu cha namna hiyo kinavyotengenezwa, bila hivyo hamtaelewa ugomvi ulitoka wapi.

Baba huandika kwa simu, kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kinene. Kumfundisha kompyuta ningezeeka kabla yake. Nikamwambia aandike maandishi matupu, yasiyo na mapambo yoyote, ila aweke alama ndogo ndogo ambazo programu yangu inazielewa. Akishamaliza ananitumia, mimi naiambia programu ifanye kazi yake, na yale maandishi matupu yanageuka kitabu chenye jalada, sura, na ukurasa wa yaliyomo ambao ukiugusa unakupeleka unapotaka. Ni lugha nyepesi ya alama, nilijifunza mwenyewe mtandaoni kwa bando langu, na huwa najivunia mbele ya wateja ambao hawajaniuliza.

"Neno ukiliwekea nyota huku na huku linakuwa nene," nikamweleza kwenye simu. "Kama wasapu."

"Hiyo naijua."

"Mstari ukianza na kimshale, ni nukuu. Maneno ya mtu."

Hiyo aliipenda kupita kiasi. Nilipokuja kupokea maandishi yake nilikuta amejinukuu yeye mwenyewe mara nyingi kuliko alivyonukuu Biblia.

"Na vichwa vya habari?"

"Vichwa unaanza na reli. Ile ile ya kuangalia salio."

"Reli! Reli unifundishe mimi? Umesahau treni inaishia wapi?"

Treni inaishia Mpanda, ndiyo, na watu wetu wanaona hilo linatupa ujuzi fulani. Nikamwacha acheke, kisha nikamwambia kwamba reli zinaonyesha ngazi: anaweza kuweka moja, mbili, tatu, mpaka sita, kila kichwa akakipa ngazi yake.

"Ngazi," akasema. "Kama vyeo."

"Ehee, kama vyeo," nikajibu. Mbele yangu alikuwa amesimama mteja kutoka Katumba na vyeti vyake vya kutoa kopi, ananitazama kwa jicho la mtu ambaye gari lake linaondoka.

Baba akaniwekea sharti moja tu kabla ya kukata simu. "Wewe safisha herufi. Mpangilio usiguse. Mpangilio ni wangu."

Maandishi yakaanza kuja vipande vipande. Aliandika vizuri, lazima niseme. Kulikuwa na shamba la mpunga ambalo babu alilifungua kwa jembe la mkono. Kulikuwa na nyumba ya nyasi aliyoanzia maisha. Kulikuwa na redio ya mbao iliyokula betri nne nne, na mtaa mzima ukaja kuisikiliza. Na baiskeli, jamani! Baiskeli nyeusi ya Kichina aliyoinunua kwa mpunga wa msimu mmoja, na ambayo mpaka leo hailali nje. Jioni inaingizwa sebuleni, inaegeshwa ukutani, inafutwa kwa kitambaa chake. Sisi wenyewe tulikuwa tunafutwa na mkono wowote uliokuwa karibu.

Nikaunganisha vipande vyote, nikaiambia programu igeuze, nikafungua ukurasa wa yaliyomo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Juu kabisa, kwa herufi kubwa kama bango la siasa: Shamba la Mpunga. Chini yake, ndani, kwa herufi ndogo, babu. Halafu kwa herufi kubwa tena: Nyumba ya Nyasi, na ndani yake marehemu mama. Halafu Redio, na chini ya redio, sisi watoto wake wote, tumepangwa. Nilicheka mpaka mteja akadhani namcheka suruali. Vitu vilikuwa juu, watu chini, nikasema huyo ndiye baba yangu, mwenye kuulizia redio kwanza na watoto baadaye.

Kisha nikafika chini zaidi nikaacha kucheka. Sura nzima, herufi kubwa kuliko zote: Baiskeli Yangu. Na chini ya baiskeli, imesukumwa ndani kabisa mpaka karibu inagusa ukingo wa pili, kwa herufi za kisisimizi: Mama wa Nyumba Hii.

Nilikasirika. Hata wanawake wa dukani kwangu waliokuwa wanasubiri kadi za mwaliko walisogea mlangoni. Jubilei ni ya huyu mama, nikasema moyoni, halafu kwenye kitabu cha jubilei anawekwa chini ya baiskeli? Lakini mpangilio si niliambiwa nisiguse? Basi ngoja ajulikane. Nikakituma kwenye kundi la familia kama kilivyo, nikaandika "rasimu, mtoe maoni", nikaweka simu kifudifudi.

Maoni hayakuchelewa. Mdogo wangu aliyeko Dar akaandika, "Mzee noma! Bi mkubwa kawekwa chini ya baiskeli, aisee, mzee hana baya." Shangazi akatuma vile vikatuni vinavyolia kwa kucheka, mstari mzima. Baba hakusema kitu kwa sababu hakufungua. Yeye husema alichokiandika anakijua, akisome tena ili iweje? Mama mdogo alifungua. Niliona jina lake kwenye orodha ya waliosoma, na hakuandika neno.

Alinipigia kesho yake asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nikuulize. Hicho kitabu unakipanga wewe, au kuna mtu anakipanga?"

"Amepanga baba, mama. Mimi sikugusa."

"Haya. Nilitaka kujua tu. Na marehemu sina neno naye. Unajua kaburi lake nafagia mimi. Akiwa juu yangu ni haki yake, yeye ndiye alitangulia. Lakini baiskeli, mwanangu? Baiskeli?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Kaka zangu watakuja kutoka Karema. Watakuja na samaki wao, na nguo zao za kushonesha. Watafungua simu wote kwa pamoja, waone dada yao yuko wapi. Miaka ishirini na mitano nimemfulia huyu mtu. Mwambie jubilei akaifanye na baiskeli yake. Mimi kanisani siendi."

Mama mdogo si mtu wa kutishia. Akisema siendi, haendi, hata padri aje na gari. Nikafunga duka, nikapanda basi la kwenda nyumbani, nikapigana na mbung'o pale katikati ya mbuga kama kila mtu, na mchana nikawa nimefika.

Baba alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda, ananong'ona kabla hata sijamwamkia vizuri.

"Mama yenu ana nini?"

"Kwani amefanyaje?"

"Ananiita Mwandishi."

Hapo niwaambie kwamba mama mdogo siku zote humwita baba kwa jina langu mimi, Baba Fulani, fulani mwenyewe nikiwa mimi, mtoto wa kwanza, ingawa mimi hakunizaa, na ana mtoto wake wa mwisho ambaye angeweza kumtumia. Kuacha jina hilo kulikuwa ni jambo. Baba alikuwa amelihisi, ila hakujua limetokea wapi. Alidhani labda ni kwa sababu alisahau kununua chumvi.

Chakula kilipoiva nikaelewa hali imefika wapi. Wali umepikwa, migebuka, samaki wa ziwani, imeungwa kwa nyanya, harufu mpaka barabarani. Mama mdogo akanitandikia mkeka, akaniwekea sahani yangu, akaweka yake karibu na yangu. Sahani ya baba akaijaza vizuri kabisa, nyama ya samaki ya tumboni, akaifunika na sahani nyingine, akaibeba kwa mikono miwili, akapiga na goti kwa adabu zote, akaiweka juu ya keria ya baiskeli iliyoegeshwa ukutani.

"Karibu chakula, Mwandishi. Nimekuandalia kwa mwenye sura."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama wali wangu. Yule mzee naye ana kichwa kigumu, hakuuliza wala hakuomba radhi. Akavuta kigoda mpaka pale ukutani, akanawa, akala kwenye keria mpaka akamaliza, tena akasema samaki wa leo wametulia.

Nikamngoja nyuma ya nyumba, pale tunapoanika mpunga, nikampa vidonge vyake.

"Baba, umemdhalilisha yule mama. Yaani umeshindwa kumpa hata sura moja? Redio ina sura! Shamba lina sura!"

"Nani nimemdhalilisha?"

"Umemweka chini ya baiskeli, baba. Ukoo mzima umeona. Hadi Dar."

Akapandisha sauti ile ya ubaoni. "Wewe mtoto, una wazimu? Nimempa nne!"

"Nne nini?"

"Reli! Reli nne! Hakuna mtu humo mwenye nne, tafuta!" Akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akasogeza na kidole chake kinene mpaka akafika, akanionyesha. Ilikuwa hivi:

# Baiskeli Yangu

#### Mama wa Nyumba Hii

"Baiskeli ni chuma," akasema. "Nimeipa moja. Redio moja. Nyie watoto nimewapa mbili, na hizo mbili mshukuru. Sajenti ana V tatu, koplo ana mbili. Sasa nani mkubwa?"

Nikakaa chini palepale kwenye turubai, juu ya mpunga wa watu. Yaani alikuwa ametupa vyeo. Jioni ngapi alikuwa amekaa anafikiria nani apewe reli ngapi, vitu akavinyima, watu akawaongezea, na kadiri alivyomheshimu mtu ndivyo programu ilivyomzamisha. Nikacheka, halafu nikaona uso wake nikajizuia.

"Baba, ni kinyume. Reli moja ndiyo kubwa. Tazama." Nikachora kwa kijiti pembeni ya turubai. "Reli moja ni nyumba. Mbili ni chumba ndani ya nyumba. Tatu ni kitanda ndani ya chumba. Nne ni mto juu ya kitanda."

Akatazama mchoro muda mrefu, kama anausahihisha.

"Kwa hiyo mke wangu ni mto."

"Wa baiskeli."

"Nani katunga ujinga huu?"

"Wazungu, baba, sijui. Watu wa kompyuta."

"Hawakupita jeshini hao." Akafuta mchoro wangu kwa mguu. "Waambie yeye abaki na nne, wengine wote wapunguzwe."

"Haiwezekani. Ukitaka awe mkubwa inabidi abaki na moja."

"Nimvue reli tatu?" Iliuma kweli, niliona. Mwalimu mzima alitazama ile simu kama ametumwa na halmashauri kumshusha mtu cheo. Kisha jambo la pili likamfikia, na hilo lilimkalisha kabisa kwenye turubai kando yangu. "Yaani yeye ameona hivyo. Anajua mimi namwona hivyo."

"Ndiyo maana umekula na baiskeli."

Nikamwambia aende amweleze. Akasema nimwandikie ujumbe. Nikakataa. Akasema basi nimpigie, nikamuuliza nimpigie simu mtu aliye hatua kumi kutoka hapa? Mtu aliyesimama mbele ya shule nzima kila asubuhi akatangaza mpaka ndege wakaruka, leo anashindwa kuingia jikoni kwake. Mwisho aliinuka, akakung'uta suruali, akanisihi nimfuate, nisimame tu karibu.

Mama mdogo alikuwa anaosha vyombo. Baba akasimama mlangoni, akakohoa, akanyoosha simu.

"Hesabu."

"Nihesabu nini, Mwandishi?"

"Hizo reli. Mbele ya jina lako."

Akafuta mkono kwenye khanga, akapokea, akahesabu kwa kuzigusa moja moja, mpaka kioo kikalowa. "Nne."

"Sasa tafuta ya baiskeli."

"Moja."

"Haya," akasema baba, akarudi nyuma hatua, kama mtu aliyemaliza kueleza. Jamani wanaume! Mama mdogo akanigeukia mimi, na mimi ikabidi niseme: mama, baba alidhani reli nyingi ndiyo cheo kikubwa, programu ndiyo iliyogeuza, yeye alikuweka juu ya wote.

Alirudi kwenye simu, akasogeza juu taratibu, akitafuta. Nilijua anatafuta nini.

"Na marehemu?"

"Tatu," akasema baba.

Ndipo akainua macho akamtazama yeye, si mimi. "Kwa nini?"

Baba akatazama dari, akatazama mafiga, nikadhani atatoroka. Halafu akasema, na akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

"Mama yao alinikuta kijana, nina meno yote. Kijana kila mtu anamtaka. Wewe ulinikuta mjane, nyumba inavuja, watoto wanne hawataki kuoga, na huyu hapa," akaninyooshea kidole, "huyu alikufichia kiatu kimoja siku ile ile uliyofika. Ulikuwa hujafungua hata mzigo. Ungeweza kugeuka. Ukaomba maji ya kunawa, ukauliza unga uko wapi. Sasa mtu wa hivyo anapewa ngapi? Nilitaka kukupa sita, sita ndiyo mwisho, binti alisema. Nikaona watu watasema najipendekeza kwa mke wangu."

Mama mdogo akalia. Wala hakusingizia moshi. Alilia waziwazi, simu ya baba mkononi, na mimi nikalia mlangoni kwa sababu kile kiatu nakikumbuka. Baba yeye akaanza kupanga sufuria kwa ukubwa.

Alipomaliza kulia akajipangusa, akaniambia, "Sasa rekebisha."

"Narekebisha, mama, leo leo."

"Nataka sura yangu. Herufi kubwa, kubwa kuliko za baiskeli, kaka zangu waione wakiwa bado mbali. Na hii yenye reli nne unichapie kwenye karatasi."

"Mama, hiyo si kitabu. Ni maandishi mabichi, hayajapikwa."

"Ndiyo hayo hayo mabichi. Nataka vyote viwili."

Baba akaanza kusema kuhusu mchwa. Mama mdogo akamkata kauli: "Wakila atachapa nyingine, si ana duka?" Kisha akamwita tena kwa jina langu, kama zamani, akamwambia aondoe sahani chafu kwenye ile keria.

Jioni ile tukakaa sebuleni kupindua kitabu. Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu ndogo, baba akawa upande wangu anasimamia kila kichwa. Mama mdogo akapewa reli moja peke yake, marehemu akapewa moja yake, babu naye moja, wote sawasawa, nyumba tatu zinazojitegemea. Shamba likaingia chini ya babu, mahali pake. Redio ikashushwa chini yetu, ilivyostahili tangu mwanzo. Baba alipatana na mimi kichwa kwa kichwa kama yuko mnadani, na tulipofika kwenye baiskeli akaomba iingizwe ndani ya sura ya mama mdogo, kwa kuwa ndiyo iliyompeleka Karema. Mama mdogo alisikia kutoka jikoni.

"Iwekwe!" akapaza sauti. "Lakini mwisho kabisa!"

Siku ya jubilei alikwenda kanisani. Alivaa kitenge kipya, akatembea mbele ya baba kidogo, na baba hakulalamika. Baada ya misa tukarudi nyumbani, turubai limefungwa uani, wali wa kutosha kijiji na jirani zake, na mimi nikakituma kitabu kwenye simu zote. Kaka zake wa Karema wakafungua. Yule mkubwa akasoma "Mama wa Nyumba Hii" kwa sauti, herufi kubwa zimejaa kioo, akasogea kwa mwenzake akamwonyesha, wakatikisa vichwa kama watu walioridhika na bei. Mdogo wangu kutoka Dar akaniuliza mbona baiskeli imefukuzwa, nikamwambia akamuulize mwandishi.

Ukafika wakati wa bwana kusema neno kwa bibi harusi wake wa miaka mingi. MC akampa baba kipaza sauti. Baba alikuwa ameandaa hotuba, nilijua, nilikuwa nimemchapia mwenyewe, kurasa tatu, na nukuu zake mwenyewe humo ndani. Akasimama. Akafungua mdomo. Mama mdogo alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja na ndugu zake, amemkazia macho, na baba akasahau yote. Watoto wakaanza kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke kwa niaba yake.

Basi akaweka kipaza sauti mezani, akanyoosha mkono juu, akamwonyesha vidole vinne.

Watu hawakuelewa. MC akatazama huku na huku. Shangazi akaniuliza anataka nini kaka yake, nikajifuta macho tu. Ila dada mmoja aliyekuwa anagawa vinywaji yeye alielewa kwa namna yake: mwenye sherehe ameagiza. Akachukua soda nne kutoka kwenye kreti, akapita nazo katikati ya uwanja mbele ya wote, akazipanga juu ya meza mbele ya mama mdogo.

Mama mdogo akazitazama. Akamtazama baba, ambaye mkono bado ulikuwa juu. Akazivuta zote karibu naye, na shangazi alipoenda kuomba moja, maana kiu ilikuwa imemshika, akamwambia akachukue kwenye kreti, hizi zina mwenyewe.